Kusoma "Wimbo wa Lawino" Katika Soko la Owino

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niandike maneno machache juu ya tamathali za usemi, ili ndugu zetu wa vidato vya chini wasije wakaanguka pale nilipoanguka mimi. Nimekubali, ingawa naona haya kidogo, maana mtu aulizwaye habari za shimo kwa sababu alitumbukia humo hana la kujisifia.

Habari yenyewe ni hii. Muhula uliopita darasa letu lilisoma "Wimbo wa Lawino", kitabu cha Okot p'Bitek kilichofasiriwa kwa Kiswahili na Paul Sozigwa wa Tanzania mwaka 1975. Ulipokuja mtihani tuliulizwa tueleze jinsi mwandishi alivyozitumia tamathali za usemi kulijenga shauri lake. Mimi nalifurahi mno. Majina yote nalikuwa nimeyahifadhi kwa moyo: tashbihi, istiari, tashihisi, takriri, mubalagha, kinaya, kejeli, nidaa, balagha, taswira, ishara, methali. Kumi na mbili kamili. Nikaandika kila jina, nikalipigia mstari kwa wino mwekundu, na chini yake nikaweka mfano mmoja kutoka kitabuni. Nalitoka katika chumba cha mtihani nikipiga mluzi.

Karatasi iliporudi nalikuta alama 11 katika 40. Mwalimu alikuwa ameandika maneno matatu tu: "Umehesabu vizuri. Hukusoma."

Sasa, karo yangu hailipwi na mtu mwenye shamba la kahawa. Hulipwa na mama yangu mdogo, ndugu wa tumbo moja na marehemu mama yangu, ambaye huuza nguo za mitumba katika soko la Owino. Kila alama niliyoipoteza naliiona kuwa shati aliloliuza yeye kwa jasho. Jumamosi ile nalimpelekea karatasi yangu nikiwa nimejitayarisha kwa maneno makali. Hakunikemea. Aliniambia niketi juu ya robota, nimsaidie kupanga makoti, na wateja wakipungua nimsomee kitabu hicho, "ili nami nione wamekuuzia nini kwa fedha yangu."

Kwa wasiolijua, Owino ni soko kubwa lililo karibu na uwanja wa mpira wa Nakivubo, katikati ya Kampala. Jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, kwa heshima ya Joseph Mukasa Balikuddembe, shahidi wa dini aliyeuawa huko Nakivubo mwaka 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Lakini mwambie kijana wa bodaboda, "Nipeleke Balikuddembe," uone atakavyokutazama. Humo mna ndizi, samaki wakavu, masufuria, dawa za miti shamba, viatu, na zaidi ya yote mivumba, ndivyo Waganda wanavyoziita nguo za mitumba. Njia ni nyembamba hata watu wawili wanenepa hawapishani. Wachukuzi hupita mbio na marobota vichwani wakipiga kelele watu wapishe, na asiyepisha hujikuta amepishwa. Wanunuzi hutoka Kongo, Sudan Kusini, Kenya na Rwanda, na kwa hiyo Kiswahili husikika humo zaidi kuliko katika madarasa yetu, ingawa si kile cha mitihani.

Basi nikaketi. Kabla sijafungua kitabu nalijifunza somo la kwanza, wala mfundishaji hakujua kuwa anafundisha.

Alikuja bwana mmoja Mkongo, akashika koti jeusi, akaligeuzageuza, akataka kulirudisha. Mama mdogo akamwambia, "Bwana, koti hilo limekungoja wewe tangu asubuhi. Watu wanne wamelijaribu, likawakataa." Yule bwana akacheka, lakini hakuliachilia. Alikuwa ameanza kwa shilingi elfu 15. Akalipa elfu 35.

Ningaliliona jambo hili katika kitabu, ningaliandika "tashihisi", nikapiga mstari mwekundu, nikaendelea. Pale juu ya robota nalilazimika kutazama lilivyofanya kazi. Koti halina akili wala mapenzi. Lakini mara lilipopewa akili, hesabu ya mambo ilipinduka. Mnunuzi alikuwa hakimu, akawa mshitakiwa aliyeachiliwa: limewakataa wengine, limemkubali yeye. Nani tena atakuwa na moyo wa kulitupa? Jina la tamathali ile halikuongeza hata shilingi moja. Kazi yake iliongeza elfu 20. Hapo nalianza kuelewa mwalimu alitaka nini. Tamathali ya usemi ni tendo. Mtu fulani humfanyia mtu fulani jambo fulani kwa maneno, kwa sababu ana haja yake.

Wateja walipopungua nikafungua kitabu. Yafaa niseme kwanza ni kitabu cha namna gani, maana baadhi ya wenzangu hubishana kama ni shairi au hadithi. Ni yote mawili. Kuna watu na kisa: Lawino, mwanamke wa Kiacholi, mumewe Ocol, aliyesoma sana na sasa humdharau, na Clementine, mwanamke wa mtindo wa kisasa aliyemteka mume huyo. Lakini hakuna msimulizi wa pembeni atuambiaye, "Siku moja Lawino aliamka." Kuna kinywa cha Lawino tu, kikiimba na kulalamika tangu mwanzo hata mwisho.

Sisi watu wa Afrika ya Mashariki hatukulizoea jambo hili jana. Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo wa Pate, usimuliao vita kati ya Waislamu na Warumi, ni wa mwaka 1728. Lakini tenzi za pwani hufungwa na sheria: beti za mistari minne, mizani nane kila mstari, na kina cha mwisho kisichobadilika hata utenzi uishe. Okot alipofasiri wimbo wake kutoka Kiacholi kuutia katika Kiingereza, kitabu kilichochapwa Nairobi mwaka 1966, aliviachilia vina, mistari ikawa mirefu na mifupi kama pumzi ya mtu aliyeudhika. Kwa hiyo asomaye hana budi kutafuta kitu kingine kinachoifunga kazi hiyo pamoja, na hicho ndicho tamathali zake.

Nalisoma kurasa kama kumi kwa sauti. Mama mdogo alikuwa akikunja suruali, mara kwa mara akiguna. (Maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili cha shuleni. Yeye aliyachanganya na Kiacholi na Kiganda, na nikiyaandika vile alivyoyasema mhariri atanirudishia.) Kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza hata siku moja: "Huyu mwanamke anamwambia nani?"

Nikajibu, "Mumewe."

"Mbona hapo umesoma 'ndugu zangu'?"

Nikatazama. Kweli. Mara humsemesha Ocol, mara huwageukia watu wa ukoo wake na kuwalilia juu ya Ocol kana kwamba hayupo. Katika mtihani nalikuwa nimeandika kwamba hiyo ni nidaa, basi. Mama mdogo akanionyesha kwa macho kibanda cha jirani. Siku ile jirani huyo alikuwa akiita wateja kwa kusema nguo zake tu ndizo zisizonuka. Mama mdogo hakumjibu. Aliushika mlingoti wa kibanda chetu akausemesha kwa sauti kubwa: "We mlingoti, umesikia? Kumbe sisi tunanuka! Tumeuza hapa miaka kumi na watu hawakutuambia!" Wauza nguo wote wa safu ile wakaangua kicheko, na jirani akanyamaza.

Mlingoti hauna masikio, lakini jirani alikuwa nayo, na safu nzima ilikuwa nayo. Kumsemesha asiye mlengwa ili mlengwa asikie mbele ya mashahidi, hiyo ndiyo nguvu ya nidaa katika Lawino. Angalimwambia Ocol peke yake, yangalikuwa ni maneno ya chumbani ambayo mume aweza kuyazima kwa kufunga mlango. Anapowaita ndugu zake, chumba kinageuka baraza na Ocol anakuwa mtu wa kuhukumiwa. Linganisha na Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utenzi wake wa wosia kwa binti yake karibu mwaka 1858: sauti yake ni ya chini, ya mama mgonjwa na mtoto aliyeketi karibu na kitanda. Wote wawili ni wanawake wanaosema juu ya mambo ya ndoa. Aliyeketi mbele yao ndiye anayeyabadilisha maneno.

Wala tusisahau kuwa kinywa hiki si cha mwandishi. Hili niliwahi kulikosa vibaya, nikaandika "Okot anasema hajui kusoma saa." Okot p'Bitek, aliyezaliwa Gulu mwaka 1931, alisoma Budo, akaenda Uingereza mwaka 1956 pamoja na timu ya mpira ya Uganda, akabaki huko kusoma ualimu Bristol, sheria Aberystwyth na elimu ya mila za watu Oxford. Mtu huyo alijua kusoma saa! Alikuwa mwanamume mwenye shahada, karibu zaidi na Ocol kuliko na Lawino, naye akachagua kuvaa sauti ya mwanamke asiyekwenda shule na kujisuta kwa kinywa hicho. Mama mdogo, nilipomweleza, alisema tu, "Basi alikuwa na mama aliyemsikiliza."

Sasa tashbihi. Wengi wetu hudhani kazi yake ni kupamba. Mwalimu hutufundisha kutafuta "kama" na "mithili ya", nasi tukizipata twaridhika kama mvuvi aliyemwona samaki bila kumtoa majini. Nalimsomea mama mdogo sehemu ambayo Lawino anamweleza Clementine, jinsi alivyojipaka na kujikondesha. Alicheka hata akaiacha suruali. Kisha akasema, "Sikiliza anavyovitoa vitu vyake. Vyote vya kwetu kijijini." Nikarudi nyuma nikahesabu, safari hii kwa faida. Lawino hulinganisha watu na vitu kwa wanyama na ndege wa porini, kwa ng'ombe, kwa moto wa majani makavu, kwa vyungu na vibuyu. Hana mfano hata mmoja uliotoka madukani usiokuwa na dhihaka ndani yake.

Kila mtu ana ghala ambamo huchota mifano yake, na ukiitazama mifano utaijua ghala. Mama mdogo mwenyewe, miaka yote aliyokaa Kampala, akitaka kusema mtu ni mwongo husema ni kama kifungo cha juu kilichoshonwa na uzi wa rangi nyingine. Ghala yake sasa ni ya mitumba. Ya Lawino ni ya boma la Kiacholi. Kwa hiyo Ocol anaposema kuwa watu wa Lawino ni washenzi wasiojua kitu, kila tashbihi yake ni jibu: hii hapa elimu, imejaa majina ya nyasi, ndege na magonjwa ya mifugo, na inatosha kumpima mke wako wa kisasa na kumkuta amepungua. Lawino hatamki maneno hayo. Mifano yake inayatamka. Swali la kuuliza juu ya tashbihi, basi, ni hili: kwa nini kitu hiki na si kingine? Angalimfananisha Clementine na mwanasesere wa dukani, tungalicheka vilevile, lakini Lawino angalikuwa amekopa kwa adui.

Mubalagha na tanakali za sauti sitazisemea sana. Ziko, na mwenye masikio atazisikia. Aliyeshinda Owino siku moja ya kufungua marobota hahitaji kufundishwa mubalagha.

Kinaya ndicho kilichonichukua muda. Katika kitabu Lawino anakiri tena na tena kwamba hajui: hajui kuitazama saa, hajui majina ya miezi ya Wazungu, hajui kupikia jiko la umeme. Mtihanini naliandika kwamba Lawino "ana unyenyekevu". Mama mdogo alipoisikia sehemu ya jiko alisema, "Hajui wapi! Ametoa sababu zote." Nikaisoma tena polepole. Ni kweli. Yeye anayesema hajui anaeleza kuwa vyombo vya chini bapa ni vya jiko hilo, na kwamba kazi ya kusonga ugali wa ulezi haiendi juu ya chombo kirefu cha kusimamia. Anajua kila jiwe la jiko la mama yake lilivyo na kwa nini liko vile. Vivyo hivyo na saa. Yeye huijua siku kwa jua, kwa jogoo, kwa mtoto anayelilia ziwa. Ocol aliye na saa ndiye anayehangaika na kugombana na wageni. Msomaji humaliza sehemu hiyo akijiuliza ni nani katika nyumba hiyo asiyejua. Kinaya hufanya kazi pale msemaji anapojishusha ili msikilizaji ampandishe mwenyewe, bila kusukumwa. Mama mdogo hufanya hivyo kila siku: "Mimi mwanamke mjinga wa Owino, sijui bei, bwana niambie wewe."

Hapo katikati tulibishana kidogo. Nalisema kuwa Lawino anachukia kila kitu cha kigeni, na nikamtania mama mdogo kwamba Lawino angepita hapa angekifungia kibanda chake, kwa kuwa makoti yote haya yalivaliwa kwanza na Wazungu. Hakupendezwa. Alinitaka nirudie mahali ambapo Lawino anasema juu ya mila za wageni. Nikarudia, nikakuta kwamba hazikatazi kwa wenyewe. Anataka tu asidharauliwe kwa kuzishika zake. "Umeona?" akasema. "Huyu hana ugomvi na nguo. Ana ugomvi na mtu anayemwambia uchi wake ni nguo zake." Sentensi hiyo naliiandika nyuma ya daftari, na nakiri mpaka leo naiona bora kuliko niliyoyasoma katika kitabu cha maelezo nilichokinunua mitaani.

Nimeacha jambo kubwa nyuma kwa makusudi, nalo ni boga.

Aliyesoma kitabu hiki analijua. Kuna methali ya Kiacholi inayokataza kung'oa mche wa boga ulioota katika mahame, yaani mahali palipokuwa na boma la watu likahamwa. Lawino hutumia methali hiyo zaidi ya mara moja, na ndiyo watu wengi huikumbuka hata wasiokumbuka lingine. Katika mtihani naliandika: "Boga ni istiari ya utamaduni wa zamani, na kurudiwarudiwa kwake ni takriri." Mwalimu alinipa alama moja na nusu, nami nalidhani amenidhulumu, kwa sababu jibu ni la kweli na vitabu vyote vinalisema.

Nilipofika hapo nikisoma, mama mdogo akaacha kukunja. Akaniuliza, "Wamekwambia boga hilo hufanya nini?"

Nikasema, "Ni utamaduni."

"Nimekuuliza hufanya nini."

Sikuwa na jibu. Akasogeza makoti, akaketi juu ya robota karibu nami, akaniambia mambo ambayo nalikuwa nikiyajua nusunusu tu, maana nalizaliwa na kukulia Kampala, na katika nyumba yetu vita vya kaskazini havizungumzwi. Mwaka 1996 watu wa vijiji vya Acholi waliamriwa waingie katika kambi. Yeye na mumewe na watoto walitoka nyumbani kwao, nje ya Gulu, na walichoweza kubeba. Kambini walikaa zaidi ya miaka kumi, na mumewe hakutoka humo. Mapatano ya kusimamisha mapigano yalitiwa saini Juba mwezi wa Agosti mwaka 2006, na mwaka uliofuata alirudi peke yake kutazama. Alikuta nyasi zinazompita kimo. Nyumba zilikuwa zimeanguka. Jiwe la kusagia alilipata kwa kujikwaa. Na juu ya kifusi cha jiko la mama mkwe wake palikuwa na mche wa boga umetambaa, majani mapana kama sinia, na maboga matatu.

"Tulikula majani yake majuma matatu," akasema. "Mimi na wanawake wawili tuliorudi pamoja. Hatukuwa na shamba, hatukuwa na mbegu. Tulichuma majani ya juu tu ili uendelee. Mbegu za boga moja tulizianika tukazipanda. Mwanangu, hawaliachi boga la mahame kwa sababu ni la zamani. Hawaling'oi kwa sababu linalisha."

Kisha mteja akaja, akainuka.

Nikakaa pale na kitabu. Sikuwa nimekosea kuiita istiari. Nalikosea kurukia upande wa pili wa istiari kabla sijautazama upande wa kwanza. Istiari ina kitu na maana yake, na mtu akikimbilia maana bila kukijua kitu, maana hiyo huwa tupu. Naliandika "utamaduni wa zamani", nikaifanya hoja ya Lawino kuwa kilio cha mtu anayependa ya kale kwa kuwa ni ya kale. Hivyo ndivyo Ocol anavyomsikia pia! Lakini boga ni chakula. Mtu aliyehama hapati hasara likiachwa, na apitaye na njaa, au mwenyewe siku akirudi, atalikuta. Kuling'oa hakumletei mng'oaji faida yoyote. Ni uharibifu mtupu. Lawino anamwambia mumewe: chukua yako mapya, nenda uendako, lakini mkono wako unatafuta nini katika mashina haya? Ni hoja ya faida na hasara, ya mwanamke mwenye akili ya nyumba. Na kila methali hiyo irudipo, boga huwa limebeba kitu kingine ambacho msomaji sasa anajua kwamba hulisha. Hiyo ndiyo kazi ya takriri hapa. Maneno ni yaleyale, mzigo unaongezeka.

Nataka niseme pia juu ya lugha, kwa kifupi. Sisi tunasoma Kiswahili kilichotoka Kiingereza kilichotoka Kiacholi, na mengi huanguka njiani. Taban lo Liyong aliona vivyo hivyo hata akakifasiri upya kitabu hicho kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 2001. Mama mdogo alisimama mahali pawili akasema, "Kwetu hapa pana mchezo wa maneno," akauimba kwa Kiacholi, nami sikuupata. Wer pa Lawino ndilo jina lake la asili, na "wer" ni wimbo. Okot alikuwa mkusanyaji wa nyimbo za watu wake. Alizichapisha nyingine mwaka 1974. Kwa hiyo mnaposoma, someni kwa sauti. Tamathali nyingi za kitabu hiki zimetengenezwa kwa ajili ya masikio, na ukisoma kimya kama gazeti utazikosa.

Na mkiwa na nafasi, tafuteni "Wimbo wa Ocol", jibu la mume, lililotoka kwa Kiingereza mwaka 1970. Tazameni ghala yake. Tamathali ni zilezile, istiari na tashbihi na maswali ya balagha, lakini yeye huchota katika giza, katika kubomoa na kuchoma. Msiamini haraka, hata hivyo, kwamba mwandishi amemtia Ocol ujinga tu; kuna mahali anasema kweli juu ya taabu za wanawake wa mashambani, nami na mama mdogo tuliligombania hilo Jumamosi mbili. Yeye alisema Ocol anawahurumia wanawake kama mtu anavyomhurumia punda wa jirani. Mimi bado sijakubali kabisa.

Mwishoni mwa muhula mwalimu alitupa swali lilelile tena. Safari hii nalitaja tamathali nne tu: nidaa, tashbihi, kinaya, na boga. Kwa kila moja niliandika nani anamwambia nani, anataka nini, na kwa nini alichagua kitu kile. Wino mwekundu niliuacha nyumbani. Nalipata alama 29. Pembeni, karibu na habari za boga, mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: "Habari hii ya majani umeipata katika kitabu gani?"

Nalimwambia aje Owino Jumamosi, safu ya makoti, upande wa Nakivubo. Alikuja. Alitaka koti la kijivu kwa elfu 20, akaambiwa kwamba koti hilo limewakataa watu wanne.